Hospitali ya Chuo Kikuu au Hospitali ya Misheni: Kupima Mazingira ya Kazi Kabla ya Kusomea Ubingwa wa Upasuaji

Daktari aliyemaliza utarajali, akafanya kazi miaka miwili mitatu katika hospitali ya wilaya na kuamua kwamba maisha yake yatakuwa ya kushika kisu, huanza kwa maswali yanayotabirika: ada ni kiasi gani, masomo ni ya miaka mingapi, wagonjwa wa pale ni wa aina gani, na cheti kinatambulika wapi. Maswali hayo yana majibu, na mengi yameandikwa katika miongozo ya vyuo. Swali lisiloandikwa popote ni jinsi wakubwa wa idara ile wanavyomtendea mdogo wao mambo yanapoharibika. Daktari huyu atakaa humo miaka mitatu hadi mitano, akishinda hapo, akilala hapo, na mara nyingine akikosa harusi na misiba ya kwao kwa sababu ya zamu. Kwa hiyo jibu la swali hilo lina uzito mkubwa katika kuamua kama atamaliza akiwa bingwa anayejiamini, atamaliza akiwa bingwa mwoga na mkali, au ataishia njiani.

Ninalinganisha hapa njia mbili ambazo madaktari wengi wa Kenya na Tanzania huzipima, kwa kigezo hicho kimoja cha mazingira ya kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hakuna njia iliyo njema kwa asili yake, ila kila moja ina hatari yake, na hatari hizo hazifanani. Katika hospitali kubwa ya chuo, hatari ni kupotea katikati ya watu wengi; katika hospitali ndogo, hatari ni kuwa chini ya mtu mmoja.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya tiba, yaani MMed, inayotolewa na vyuo vikuu na kufundishiwa katika hospitali kubwa za rufaa: chuo cha MUHAS na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, chuo cha CUHAS na hospitali ya Bugando jijini Mwanza, Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret. Huko daktari ni mwanafunzi. Analipa ada au analipiwa, anaandika tasnifu, na anazungushwa katika vitengo mbalimbali chini ya wakufunzi wengi. Watanzania humwita rezidenti, Wakenya humwita rejista, na kazi ni ileile.

Ya pili ni ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hujulikana kama chuo kisicho na kuta kwa sababu hakimiliki hospitali. Kinazikagua na kuziidhinisha hospitali zilizopo, kisha kinatahini. Daktari hufanya mtihani wa uanachama, MCS, baada ya miaka miwili ya msingi, na kwa upasuaji wa jumla huongeza miaka mitatu kabla ya mtihani wa mwisho, FCS. Kila upasuaji anaoufanya au kuusaidia huuingiza katika daftari la kielektroniki. Hospitali za misheni zina nafasi kubwa katika njia hii, na mbili zinazotajwa sana ni Tenwek iliyoko Bomet na AIC Kijabe, ambazo pia zimo katika mtandao wa PAACS, chombo cha madaktari wa upasuaji Wakristo kilichoanza mwaka 1996.

Mpaka kati ya njia hizi si mkali kama unavyoonekana kwenye karatasi. KCMC ya Moshi, hospitali yenye mizizi ya kanisa iliyofunguliwa mwaka 1971, inafundisha MMed na pia inapokea watahiniwa wa COSECSA, na wapo marezidenti wa vyuo vikuu wanaofanya mitihani ya pande zote mbili. Ninapoandika hapa "hospitali ya chuo" na "hospitali ya misheni" ninamaanisha maumbo mawili ya kazi: moja yenye vitengo vingi, maprofesa wengi na msururu mrefu wa vyeo, nyingine yenye mabingwa wachache wanaofahamiana kwa majina na watoto wao.

Usiku wa manane anakuja nani?

Tuseme ni saa nane usiku. Ameletwa mzee mwenye tumbo lililovimba na kukaza, hajapata choo kwa siku tatu, mapigo ya moyo yanakimbia, na eksirei inaonyesha utumbo mpana uliojisokota. Rezidenti wa mwaka wa kwanza ameshamwekea dripu na mpira wa puani, amechukua damu, na sasa anajua kwamba mgonjwa huyu anahitaji uamuzi ambao yeye hajawahi kuufanya peke yake. Je, utumbo ufunguliwe kwa kupitisha mrija kwa chini asubuhi ikasubiriwa, au ndani mna sehemu iliyokwisha kufa na tumbo linapaswa kufunguliwa usiku huohuo?

Katika hospitali ya chuo, mwito wake unapanda ngazi. Anampigia rezidenti wa mwaka wa juu, ambaye yuko thieta na kijana aliyechomwa kisu. Huyo akitoka ndipo atakapompigia bingwa wa zamu, ambaye yuko nyumbani kwake upande wa pili wa jiji. Msururu huu una faida yake, kwa kuwa rezidenti wa mwaka wa nne ni mwalimu mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani, na mdogo hujifunza mengi kwake bila aibu. Lakini kila ngazi ni mahali ambapo mwito unaweza kukwama. Ikiwa idara ina desturi ya kumwona anayempigia bingwa usiku kuwa mtu dhaifu, mkubwa wa zamu atajikaza, ataamua mwenyewe, na bingwa atazisikia habari kwenye ripoti ya asubuhi. Jina la bingwa litakuwa limeandikwa kwenye orodha ya zamu, na mtu mwingine atakuwa ameibeba zamu hiyo.

Katika hospitali ya misheni, bingwa mara nyingi anaishi ndani ya uzio uleule, dakika chache kwa miguu. Rezidenti anapiga simu moja tu. "Bosi, nina mzee, utumbo umejisokota, tumbo limekakamaa." Na bosi anakuja, kwa sababu asipokuja yeye hakuna mwingine. Hilo ni jambo kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo faida ya kwanza ya njia hii. Ila mtu huyohuyo ndiye aliyeitwa jana usiku na ndiye atakayekuwa kwenye orodha ya upasuaji kesho. Uchovu wake ni sehemu ya mazingira ya kazi. Rezidenti hujifunza mapema kusoma uso wake, kupima sauti yake kwenye simu, na kujua ni siku gani asiulizwe jambo. Mahali penye mabingwa watatu wanaopokezana, tatizo hili hupungua sana. Mahali penye mmoja anayetegemewa na wote, hata malaika angekuwa mkali.

Kwa hiyo anayechunguza asiulize, "Je, mnasimamiwa vizuri?" Swali hilo litajibiwa kwa adabu na hatajifunza kitu. Aulize hivi: mara ya mwisho bingwa kuja baada ya saa sita usiku ilikuwa lini, alikuja kwa mgonjwa gani, na alisema nini alipofika? Mahali ambapo mabingwa huja kweli, rezidenti ataeleza tukio papo hapo, pamoja na jina la ugonjwa na hata mzaha uliotolewa wakati wa kunawa mikono. Mahali ambapo hawaji, ataeleza utaratibu ulivyo.

Jambo linalofanana na hilo ni kisu chenyewe kinashikwa na nani. Hospitali ya chuo ina wagonjwa wengi na pia foleni ndefu ya wanaotaka kuwapasua: mabingwa, wanaosomea ubingwa bobezi, marezidenti wa miaka ya juu, wageni kutoka nje. Hospitali ya misheni humpa rezidenti nafasi mapema zaidi, na mtu anaweza kutoka huko akiwa na mikono iliyozoea henia zilizobanwa, utumbo uliotobolewa na taifodi na mifupa iliyovunjwa na ajali za bodaboda. Daftari la upasuaji litaonyesha idadi, lakini mimi huangalia zaidi tofauti kati ya marezidenti wawili wa mwaka mmoja. Ikiwa mmoja amefanya upasuaji mkubwa kwa mkono wake mara tatu ya mwenzake, na wote wawili wamepita katika vitengo vilevile, hapo pana upendeleo, na upendeleo huo hautaishia kwenye kisu.

Lawama inaangukia wapi?

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa ambaye hakupaswa kupasuliwa alifunguliwa fuvu kwa kuchukuliwa kuwa mgonjwa mwingine, na madaktari waligundua upasuaji ukiwa umeendelea kwa saa kadhaa kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haikuwapo. Hospitali ilimsimamisha kazi rejista aliyefanya upasuaji pamoja na wauguzi wawili na mtaalamu wa usingizi, na marejista wenzake waligoma wakitaka arudishwe. Sitaki kuingia katika hukumu ya tukio lile. Ninalitaja kwa sababu lilimwonyesha kila aliyekuwa akisomea ubingwa jinsi mtu wa ngazi yake anavyoweza kuwa wa kwanza kuangushiwa jumba bovu, na pia lilionyesha jambo la pili ambalo husahaulika: katika hospitali kubwa, marejista walikuwa wengi kiasi cha kuweza kusimama pamoja na kusikika. Rezidenti aliye mmoja kati ya wanane katika hospitali iliyo mbali na jiji hana jeshi la namna hiyo.

Mahali pazuri pa kuona lawama inavyogawanywa ni kikao cha kujadili vifo na madhara ya upasuaji. Mgeni akiomba kwa heshima aruhusiwe kukaa nyuma, aombe kikao hicho kabla ya kuomba kuingia thieta. Katika hospitali ya chuo kikao huwa na watu wengi. Rezidenti anasimama mbele na picha zake, na maprofesa wanauliza. Kikao kama hicho kinaweza kuwa darasa bora kuliko yote, na kinaweza pia kugeuka mahakama ambamo mshtakiwa ni yuleyule anayesoma taarifa. Kitu cha kusikiliza ni nani anasema "mimi ndiye niliyeamua". Bingwa anayesema hivyo mbele ya wadogo zake, kwa mgonjwa aliyefariki, amewafundisha jambo ambalo hakuna mtihani unaolifundisha. Ikiwa wiki baada ya wiki kosa ni la rezidenti, la muuguzi, la benki ya damu au la ndugu waliochelewesha mgonjwa, na halijawahi kuwa la uamuzi wa mkubwa yeyote, idara hiyo imejieleza.

Katika hospitali ndogo kikao huwa cha watu wachache kuzunguka meza, na hapo mambo huenda mojawapo ya njia mbili. Panaweza kuwa na ukweli mwingi kupita hospitali yoyote kubwa, kwa kuwa hakuna wa kujionyesha mbele yake. Au kikao hakifanyiki kabisa, kwa sababu kila mtu anajua kisu kilikuwa cha nani na hakuna anayetaka kumwaibisha mwenzake ambaye kesho watasali pamoja. Ukimya huo wa upole ni hatari kwa mwanafunzi kama ulivyo ukali, ila hauumizi masikio, na ndiyo maana wageni wengi huondoka wakiwa wameusifu.

Matusi, vyeo na saa za kazi

Wapo wazee wa fani hii wanaoamini kwamba mpasuaji hupikwa kwa moto. Imani hiyo ina historia ndefu. Mfumo wa mafunzo ya kuishi hospitalini ulijengwa na William Halsted katika Hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1889; ulikuwa mfumo wa piramidi, wengi wakiingia chini na wachache wakifika juu, bila muda maalumu wa kumaliza na bila nafasi ya maisha ya nje. (Halsted mwenyewe alihangaika na uraibu wa kokeini na baadaye mofini, jambo ambalo wanaosifu ukakamavu wake hawalitaji sana.) Mabaki ya piramidi hiyo tunayaona katika idara zinazojivunia idadi ya waliofeli.

Kanuni peke yake haiondoi tabia hiyo. Marekani iliweka ukomo wa saa 80 za kazi kwa wiki kwa marezidenti wote kuanzia Julai 2003, na Ulaya ina saa 48. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, uliowahoji marezidenti 7,409 wa upasuaji wa jumla katika programu 262 za Marekani, ulikuta kwamba asilimia 38.5 walikuwa na dalili za kuchoka kabisa na kazi angalau kila wiki, na kwamba matusi na unyanyasaji mara nyingi vilitoka kwa madaktari wakuu wenyewe. Takwimu inayomhusu zaidi anayechagua ni nyingine: kiwango cha waliotukanwa kilianzia sifuri katika baadhi ya programu na kufika asilimia 66.7 katika nyingine. Zote ziko chini ya msimamizi mmoja, sheria moja ya saa na mtihani mmoja. Zipo zilizofundisha upasuaji uleule bila tusi hata moja, kwa hiyo hoja ya moto inabaki bila mguu wa kusimamia.

Katika hospitali zetu saa za kazi hutegemea zaidi wingi wa watu kuliko kanuni. Hospitali ya chuo yenye marezidenti wengi inaweza kumpa mtu zamu moja kila siku nne au tano; hospitali ya misheni yenye wachache inaweza kumweka zamu kila siku ya tatu, na mmoja akiugua, kila siku ya pili. Ninashauri kuomba orodha ya zamu ya mwezi uliopita, si ya mwezi ujao, kwa kuwa ya mwezi ujao ni nia na ya mwezi uliopita ni ukweli wenye alama za kalamu nyekundu palipobadilishwa majina. Jina moja likijitokeza mara nyingi kuziba mapengo, ni vema kumtafuta mwenye jina hilo na kunywa naye chai.

Juu ya matusi, maumbo haya mawili hutofautiana kwa namna ya kukimbilia. Rezidenti wa chuo kikuu akidhulumiwa na bingwa mmoja ana uhakika kwamba baada ya miezi mitatu atahamia kitengo kingine, ana mkuu wa idara, ana mkuu wa shule, na anaweza kwenda kwa chama cha wanafunzi wa uzamili. Njia hizo ni za polepole na mara nyingine hazifiki popote, lakini zipo. Rezidenti wa hospitali ya misheni ana mkurugenzi wa programu, kisha mwakilishi wa COSECSA wa nchi yake, ambaye huenda yuko mbali na ni rafiki wa mkurugenzi huyo wa miaka mingi. Kwa upande wa pili, katika hospitali ndogo tusi la hadharani husikika hospitali nzima kabla ya chakula cha mchana, na aibu hiyo huwazuia watu ambao katika hospitali kubwa wangejificha ndani ya umati.

Kwa daktari mwanamke

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilikuta madaktari wa upasuaji 1,690 katika ukanda wote wa COSECSA, na wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Maana yake ni kwamba rezidenti wa kike anaweza kumaliza mafunzo yake yote bila kusimamiwa hata siku moja na bingwa mwanamke. Hospitali kubwa za chuo zina nafasi nzuri zaidi hapa, kwa sababu tu watu ni wengi: atakuta mwenzake wa mwaka wa juu, pengine bingwa mmoja au wawili, na vyuo vikuu vya Tanzania vimeanzisha madawati ya jinsia. Hospitali ndogo yenye marezidenti sita inaweza kuwa na mwanamke mmoja au asiwepo kabisa. Mtandao wa Women in Surgery Africa, ulioanzishwa mwaka 2015 ndani ya COSECSA, umepunguza upweke huo kwa kuwakutanisha, ingawa hauwezi kuwapo wodini saa tisa za usiku.

Maswali ya kuuliza hapa ni ya wazi na yasionewe haya. Rezidenti wa mwisho kujifungua akiwa masomoni alipewa likizo ya muda gani, na aliporudi aliwekwa wapi? Chumba cha kupumzikia cha zamu ni kimoja kwa wote, na mlango wake una komeo? Utafiti wa Marekani nilioutaja ulionyesha kwamba wanawake walichoka na kazi kuliko wanaume, lakini tofauti hiyo ilitoweka watafiti walipozingatia kutendewa vibaya. Anayeambiwa kwamba wanawake hawaiwezi kazi hii kwa maumbile yao ana jibu hapo.

Ajira, ada na migomo

Hapa sitakaa sana. Rezidenti wa MMed aliyelipiwa na serikali au mwajiri ana mshahara na mkataba wa kurudi kazini. Anayejilipia anatoa huduma kwa miaka kadhaa huku akilipa ada, na hali hiyo huwafanya wengi kutafuta vibarua vya usiku katika hospitali binafsi, jambo ambalo idara hulijua na kulifumbia macho. Mwanafunzi wa COSECSA mara nyingi ni mwajiriwa wa hospitali anayopata mafunzo. Kuwa mwajiriwa kunaleta utulivu, na pia kunamfanya mwalimu kuwa mwajiri: anayekutathmini ndiye anayesaini mkataba wako.

Migomo inaonyesha tofauti hii vizuri. Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya walipogoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na tena kwa siku 56 mwaka 2024, mafunzo katika hospitali za umma yalivurugika na marejista wakapoteza miezi ambayo hakuna aliyewarudishia. Katika kipindi hichohicho hospitali za misheni zilifurika wagonjwa. Anayechagua ajiulize ni mzigo upi angeubeba vizuri zaidi, wa kukaa bila kazi au wa kuzidiwa nayo.

Kuhusu hospitali za PAACS kuna jambo la kusemwa bila kuzunguka: malezi ya kiroho na mafunzo ya Biblia ni sehemu ya programu. Kwa wengi hicho ndicho kivutio, na kimezaa idara ambazo upole wake ni wa kweli. Daktari wa dini nyingine, au Mkristo asiyependa imani yake ipimwe kazini, aulize mapema ni kipi cha lazima na kipi cha hiari.

Kwenda kuona

Ziara ya siku moja iliyopangwa na idara ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Afadhali wiki mbili za kujitolea, au likizo ya kazini iliyotumika kufuata raundi, bila kutangaza sana kwamba mtu anatafuta nafasi. Katika wiki hizo ningependa aangalie jambo moja dogo thieta, nalo ni dakika ile kabla ya kisu kugusa ngozi.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, na kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani hutakiwa kutaja jina lake na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara mkoani Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Katika thieta moja utamwona bingwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani juu ya gauni, akimsikiliza muuguzi mdogo akisoma kila kipengele; muuguzi anasema, "Antibayotiki bado," na bingwa anasubiri. Katika nyingine karatasi imejazwa tangu chai ya asubuhi, alama zote zimewekwa kwa kalamu moja, na kisu kimeshaanza. Katika ile ya kwanza, rezidenti anayeona kwamba mguu uliopakwa dawa ni wa kulia ilhali jeraha liko kushoto atasema. Katika ya pili atasita, na kusita huko ndiko mazingira ya kazi yote yakiwa yamekusanyika mahali pamoja.

Halafu awatafute walioondoka. Waliopo huilinda nafasi yao, na waliomaliza husamehe mengi kwa furaha ya kumaliza. Aliyeacha katika mwaka wa pili ndiye mwenye habari, hata kama ana uchungu wake, na namna idara inavyomzungumzia inasema mengi. "Hakuweza" ni jibu la aina moja. "Tulishindwa kumsaidia, na baada yake tulibadilisha zamu za mwaka wa kwanza" ni jibu la aina nyingine kabisa, na idara iliyonipa jibu hilo ningeiweka juu ya orodha bila kujali ukubwa wake.

Nikilazimika kugawa, ningemshauri daktari ambaye bado hajajua anataka tawi gani la upasuaji, anayehitaji wenzake wengi wa rika lake, au mwenye sababu yoyote ya kuhofia kuwa chini ya mtu mmoja, aende hospitali ya chuo, na achague ile ambayo vitengo vyake vina mabingwa wanaofika usiku. Ningemshauri daktari anayejua atarudi kufanya kazi mkoani, ambako atakuwa peke yake na atapasua kila kitu, aende hospitali ndogo, kwa sharti kwamba ina mabingwa wasiopungua watatu wa fani yake na kwamba walau mmoja wao ameajiriwa pale katika miaka mitano iliyopita. Sharti hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu bingwa mpya aliyekuja akitoka kwingine, akaona mazingira na akaamua kubaki, ameshafanya uchunguzi ambao mwombaji hana muda wa kuufanya. Na akiwa alisomea palepale, akaenda kwingine, kisha akarudi kwa hiari yake, mwombaji anaweza kumpigia simu na kumuuliza kilichomrudisha.